52 toa 27 ni 35: reforma ya masomo yetu inakwamia wapi

Jumatano moja saa nane mchana, klasi ya nne ya primere huku Kadutu, mjini Bukavu, tulikuwa walimu watatu tumejibana nyuma kwenye mabao ya watoto, magoti yanagusa kidevu, tunafuata lesoni ya mwenzetu. Shule yetu iko na vakasio mbili, ya asubuhi na ya mchana, sisi wa asubuhi tulikuwa tumemaliza, njo tukabaki. Mwenzetu alikuwa anatoka jasho sawa mtu anayengojea inspektere, tukamwambia mbele ya kuanza, hatukuje kukuangalia wewe, kila mmoja wetu anachagua watoto watatu na ataangalia hao tu, kaye zao na vidole vyao. Klasi ilikuwa na watoto themanini na kitu. Kwenye tablo: 52 toa 27, kutoa kwa kukopa.

Ameeleza vizuri kabisa, sitasema uongo. Amechora vijiti, amerudilia mara mbili, ameuliza "mumeelewa?" na klasi nzima ikajibu kwa ule wimbo tunaoujua sote, ndiyooo mwalimu. Halafu nikainama kwenye kaye ya kijana mmoja wa mwisho nikaona ameandika 35. Nikaangalia jirani yake, 35 pia. Baadaye tulipokutanisha hesabu, kati ya wale tisa tuliowafuata watano walikuwa wameandika 35.

Sasa mimi nimefundisha miaka kumi na nne na hiyo 35 nimeionaka mara nyingi sana, nikiiona naitilia msalaba mwekundu, sifuri, kaye inayofuata. Siku ile juu sikuwa na bic nyekundu mkononi nilibaki naiangalia tu. Na ukiiangalia inaongea. Mtoto ameona 2 na 7, akakumbuka kwamba kikubwa hakitoki kwa kidogo, basi akageuza, 7 toa 2 ni 5, halafu 5 toa 2 ni 3. Hakubahatisha hata kidogo. Amefuata sheria, na sheria hiyo tulimpa sisi wenyewe klasi ya kwanza na ya pili, tulimwimbisha kabisa, "huwezi kutoa kikubwa kwa kidogo". Amekuwa mtiifu mpaka akafeli.

Mmoja kati ya hao watano anauzisha sambaza, wale samaki wadogo, na mama yake soko ya Kadutu, ninamjua. Nikamwita kwenye korido, nikamwuliza, mtu akichukua sambaza ya 2700 akakupa noti ya 5000 unamrudishia ngapi? Hata hakuniangalia usoni, "elfu mbili na mia tatu mwalimu". Nikampa chaki, andika sasa hiyo hesabu hapa kwenye ukuta. Akaandika 5000, chini yake 2700, akatoa kwa ile sheria yake, ikatoka 3700. Nikamwuliza, kwa hiyo mteja umemrudishia ngapi? Akaangalia ukuta, akacheka, akasema: "Apa mama angenichapa."

Ninaandika haya juu mambo ya reforma ya masomo yamerudi mdomoni mwa watu, kila redio iko na emisio yake na kila mtu ana dawa yake, programu mpya, manuele mpya, tablete, ukaguzi mkali, sijui kurudisha fimbo. Mimi nafikiri tunaanzia mbali sana. Mbele ya programu kuna kitu mwalimu anaamini juu ya ile 35. Kama anaamini ile 35 inamwelezea mtoto, eti mu kichwa yake hamuingie kitu, basi hata umletee vitabu vya dunia nzima ataendelea kutia misalaba tu. Kama anaamini ile 35 inamwelezea lesoni, yaani inamwambia wapi lesoni yake ilipinda, hapo hata na chaki moja na ukuta wa korido kazi inaanza. Hiyo ndiyo imani ya kwanza kabisa, na ninaona hakuna mtu anayeifanyia seminere.

Na nchi yetu ya Kongo haikukosa reforma, jamani. Ilikosa kitu cha kukaa nayo. Wazee wanakumbuka, 1974 Mobutu akachukua mashule mikononi mwa makanisa, yote ikawa ya Leta, yaani serikali, na mwezi wa pili 1977 akayarudishia kwa konvansio, yaani mapatano, Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu. Miaka mitatu hata haijatimia. Linganisha na Ufini, nchi ya baridi ambayo hatuna undugu nayo wowote lakini kalenda yake inanisumbuaga kichwa. Bunge lao lilikubali shule moja kwa watoto wote mwaka 1968. Hawakukimbilia kujaza nchi nzima mara moja, walianzia kaskazini kule Laponi mwaka 1972, wakashuka polepole mpaka kusini 1977, yaani ile miaka ileile sisi tulikuwa tunachukua mashule na kuyarudisha. Mwaka 1979 wakaamua kila mwalimu wa primere asome mpaka masters. Na dunia ilikuja kushangaa lini? 2001, wakati matokeo ya kwanza ya PISA, mtihani wa kulinganisha wanafunzi wa nchi nyingi, yalitoka. Hesabu mwenyewe, miaka thelathini na tatu tangu ile sheria, serikali ngapi zimepita hapo katikati, vyama vinagombana kwa mambo mengine yote lakini hii wakaiacha itembee.

Hapa mtu ataniambia Ufini ni matajiri, acha mambo yako. Sawa. Twende Brazili, kaskazini-mashariki, Sobral, mji wa ukame na umaskini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipima wakakuta watoto wengi wamefika juu kwenye primere bila kujua kusoma. Wakachagua jambo moja ambalo hata bibi yangu angelielewa, kila mtoto ajue kusoma mwishoni mwa mwaka wake wa pili shuleni, na wakaacha kuchagua madirektere kwa urafiki wa siasa. Kwenye orodha ya mashule ya Brazili ya 2005 walikuwa nafasi ya 1366, miaka kumi na miwili baadaye walikuwa wa kwanza. Kinachonigusa mimi hapo ni ile miaka kumi na miwili ya kurudilia jambo lilelile bila kuchoka na bila waziri mpya kuja na kauli mbiu yake, juu sisi tukimaliza miaka miwili bila logo mpya tunajisikia tumelala.

Nirudi nyumbani. Septemba 2019 gratuite, yaani kusoma bila kulipa, ilianza kweli kweli kwenye primere, ile iliyokuwa imeandikwa tayari kwenye Konstitisio ya 2006, artikle 43, na ilikuwa inalala humo. Mimi niliishangilia na bado naishangilia, usinielewe vibaya. Tangu miaka ya 1990, Leta iliposhindwa kulipa, mzazi ndiye aliyekuwa anambeba mwalimu kwa ile prime ya kila mwezi na watoto walikuwa wanafukuzwa mbele ya wenzao, "wewe na wewe na wewe, mtoke, mwende mulete feza". Nimewafukuza kwa mdomo wangu, nikiwa na listi mkononi. Kwa hiyo mtu anayesema afadhali zamani simsikilizi. Lakini mlango ulipofunguliwa watoto wakaingia kama mvua, klasi ya 50 ikawa 90, ikawa 110, na walimu walioongezwa wengi ni wale tunaowaita enyu, nuvele inite, wanaofundisha miaka wakingojea jina lao litoke kwenye listi ya malipo. Benki ya Dunia ikakubali dola milioni 800 mwezi wa sita 2020 kwa kusaidia hiyo gratuite. Na hiyohiyo Benki ya Dunia inakadiria kwamba kwenye nchi yetu watoto 97 kwa mia wenye miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. 97. Kwa mahesabu hayo klasi ya tano ya watoto 94 wanaosoma wakaelewa ni watatu.

Niliposikia hiyo namba nikasema wanazidisha, wazungu bwana. Nikaenda kupima mwenyewe. Nikamwita msichana mmoja wa mbao wa mbele, anayejibuga kila siku, biltini yake nzuri, nikampa kitabu, soma hapa. Akasoma bila kukwama, sauti ya kupendeza, kidole kinatembea chini ya maneno. Ila kidole kilikuwa kwenye ukurasa wa 15 na mdomo ulikuwa unasoma ukurasa wa 14. Alikuwa ameishika lesoni nzima kichwani kwa kusikia. Fikiria akili inayohitajika kwa kufanya hivyo! Mtoto mwenye uwezo wa kushika ukurasa mzima wa Kifaransa asichokielewa, halafu sisi ndio tunashindwa kumfundisha herufi. Usiku ule sikulala vizuri, mke wangu anajua.

Na hapo kwenye lugha niseme kidogo tu halafu nipite, juu watu wanagombanaga sana. Sheria ya 2014 inaruhusu lugha za taifa kufundishia, na klasi za kwanza mtoto anapaswa kuanza na lugha anayoijua, huku kwetu Kiswahili. Kwa vitendo wazazi wenyewe wanakuja kulalamika, mimi nilileta mtoto ajue Kifaransa. Nawaelewa, juu Egzeta, ule mtihani wa Leta wa kumaliza sekondari, haitakuja kwa Kiswahili wala kwa Mashi. Lakini mtoto anayehesabu kichwani "tisini na mbili" na kusikia "nonante-deux" ana kazi mbili kwa wakati mmoja, na akichelewa kujibu tunamwita mzito.

Nakumbuka seminere moja, ilikuwa ya mradi fulani, hoteli moja nzuri huku chini kando ya ziwa, siku tatu. Somo: metode aktif na partisipatif. Mfundishaji alisimama mbele siku zote tatu akitusomea slaidi kwamba mwalimu asisimame mbele akisoma. Hatukuulizwa hata swali moja. Tulipewa feza ya transpoti, begi yenye logo, na sertifika ambayo iko ukutani kwangu mpaka leo. Sikufundisha tofauti hata dakika tano. Na sikuwa mvivu, mimi nilikuwa nafundisha vile nilivyofundishwa, kama kila mtu, juu ufundi wa mikono haubadiliki kwa kusikia, nani alishawahi kujua kushona kwa kusomewa slaidi?

Inspeksio nayo ni ndugu ya ile seminere. Inspektere anafika, anaomba zhurnali ya klasi, fishi za maandalio, rejista ya kuita majina. Anaangalia kama tarehe ziko sawa na kama lengo la lesoni limeandikwa kwa maneno yale. Anatia sahihi. Kwenye miaka yangu yote hakuna aliyewahi kumwita mtoto mmoja akamwambia, hebu nisomee. Siwalaumu mmoja mmoja, wengi wanatembea kwa miguu yao na feza ya mafuta haiji, lakini tumejenga mfumo wa kuchunguza karatasi, na mwalimu hana ujinga, ataandaa karatasi.

Ndiyo maana ile Jumatano yetu ya Kadutu naiona kubwa kuliko ile hoteli. Na hatukuigundua sisi. Wajapani wanafanya hivyo tangu zaidi ya miaka mia moja, wanaiita jugyo kenkyu, walimu wanatayarisha lesoni pamoja, mmoja anaifundisha, wengine wanaangalia watoto, halafu wanaketi kuichambua, na mwaka unaofuata tena, na tena, mpaka inakuwa desturi ya shule kama vile kupiga kengele. Huku kwetu pia kuna kitu kinachofanana, selile pedagojike, kila shule inayo kwenye karatasi, ila zetu nyingi ni mkutano wa kusoma sirkilere na kuongea mambo ya deni. Chombo kiko tayari, tungekitia kazi tu.

Kitu kingine tulichojaribu ni cha Wahindi, Pratham, shirika lililoanza Mumbai miaka ya 1990. Wao walisema, saa moja kwa siku acheni kugawa watoto kwa klasi, wagaweni kwa kile wanachojua, wasiojua herufi pamoja, wanaosoma neno pamoja, wanaosoma hadithi pamoja, haijalishi ni wa tatu ama wa tano. Majaribio ya jambo hilo yalikuwa sehemu ya kazi ya Banerjee na Duflo ambao pamoja na Kremer walipata Nobel ya uchumi 2019, mwaka uleule wa gratuite yetu. Sisi tulifanya kimasikini, siku mbili kwa juma, dakika arobaini, klasi ya tatu na ya nne tu. Wiki ya kwanza ilikuwa fujo. Wazazi wawili wakaja kwa direktere, kwa nini mtoto wangu wa nne ameketi na wa tatu, mumemshusha? Na baba direktere, ambaye mimi nilidhani atatukatia, akawajibu vizuri sana, akawaambia mtoto wenu akiwa na homa mnampa dawa ya umri wake ama ya ugonjwa wake? (Daktari angempinga kidogo hapo, lakini wazazi walienda nyumbani.)

Najua neno litakalokuja, mshahara. Wenzangu wataniuliza, wewe unatuletea Wajapani na enyu hajala tangu asubuhi? Wana haki. Mwalimu asiyelipwa halazimiki kuangalia kaye ya mtu yeyote, na nitashika chaki chini na wenzangu kila mara sendika itakapoita. Ila niseme kitu ambacho sendika haipendi. Nimeona walimu wanaolipwa vizuri kwenye mashule ya prive ya dola, yenye mabao ya kuteleza na mapazia, na wanafundisha ileile "mumeelewa? ndiyooo", tofauti yake ni kwamba mtoto wa pale anayo repetitere nyumbani wa kumfichia mashimo. Feza inamleta mwalimu mpaka mlangoni. Kuanzia mlangoni kwenda ndani ni kazi nyingine.

Halafu kuna hii ya vita. Mwezi wa pili 2025 ilipoingia mjini Bukavu mashule yakafungwa, mabenki yakafungwa, mwalimu anatafuta mshahara wake sawa mtu anayetafuta sindano usiku. Mwaka huohuo Wamarekani wakafunga USAID, shirika lao la misaada, na miradi mingi ya masomo ikakatika katikati. Mashule yalipofunguliwa nikaangalia nini kimebaki. Mabango ya miradi yalibaki, yanashika kutu. Tablete sizijui zilienda wapi, hata hatukuuliza. Vitabu kidogo. Na kwenye shule yetu kilichobaki ni kwamba walimu wanne walikuwa wanajua kuketi nyuma ya klasi ya mwenzao na kuangalia watoto watatu, na hiyo hakuna aliyeweza kuipakia kwenye gari. Tangu hapo ndipo nikaacha kungoja Kinshasa, na wala simaanishi siasa hapo, mimi ni mwalimu wa klasi ya tano. Ninasema kama reforma inahitaji ofisi iwe wazi, benki iwe wazi na barabara iwe wazi ndipo itembee, basi huku Kivu haitafikisha hata miaka mitano, sembuse thelathini na tatu. Tunahitaji vitu vichache, vya bei ndogo, vinavyoweza kukaa ndani ya watu, na turudilie hivyohivyo mpaka watoto wa leo wawe walimu na waone ni kawaida. Vijana wa ISP, chuo cha walimu, wanaokuja kufanya staji kwetu wangeanza hapo, staji yao ya kwanza isiwe kufundisha, iwe kuangalia watoto watatu kwa mwezi mzima na kuandika wanavyofikiri. Nimemwambia mmoja hivyo akaniangalia kama nimemnyima kazi.

Ile lesoni ya kutoa tuliifanya tena wiki iliyofuata, kwenye klasi nyingine ya nne. Safari hii hatukuanza na tablo. Tulianza na sambaza, kopo tupu, na noti za karatasi tulizokata wenyewe, 5000, 1000, 500, na mia mia, na yule kijana tukamwazima awe muuzaji. Noti ya 5000 haiwezi kutoa 2700 bila kuivunja, kila mtoto wa Kadutu anajua hilo, unakimbia kwa jirani kuvunjisha. Basi kukopa ni kuvunjisha. Tukaandika baada ya kuvunjisha. Kati ya tisa tuliowafuata siku hiyo, wawili bado waliandika ile namba ya kinyume, na mmoja kati yao tulikuja kujua haoni vizuri tablo, alikuwa ananakili za jirani tangu mwaka uliopita. Hiyo nayo hatukuwa tunaitafuta.

Jumatano hii ni zamu yangu. Nafundisha kugawanya kunakobakisha, na nimeshindwa kula tangu jana, miaka kumi na minne ya kazi na bado naogopa macho ya wenzangu watatu. Nimewaomba wafuate watoto wa upande wa dirisha, wale sita ambao hawanyooshagi kidole, na msichana wa ukurasa wa 15 sasa anaketi kati yao, nimemhamisha mwenyewe.